Ndege Aliyegeuka Kiota

Kiswahili chetu kina mchezo mmoja ninaoupenda. Ukiniambia "ndege ameruka," nitatazama mtini. Ukiniambia "ndege imeruka," nitainua shingo nitafute juu ya mawingu. Tofauti ni herufi moja tu. Leo nawasimulia habari za jumba ambalo ni ndege kwa maana zote mbili: lilijengwa kwa ajili ya zile za abiria, na ukilitazama kwa mbele utaapa ni yule wa manyoya, ametua sasa hivi na bado hajayakunja mabawa.

Liko New York, Marekani, ndani ya uwanja wa ndege wa John F. Kennedy. Aliyelichora ni Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa bado mtoto. Katika miaka ya 1950, shirika la ndege la TWA lilimpa kazi ya kuchora jengo la abiria, na yeye akataka liwe jengo ambalo mtu akiingia tu, moyo umpige kwa hamu ya safari.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja alikuwa mezani anakula balungi. Alipomaliza nusu yake akaligeuza ganda kifudifudi, akalibonyeza katikati kwa kidole. Kati pakabonyea, pembeni pakainuka. Jaribuni na ganda la chungwa, ila chungwa lenyewe mlile kwanza. Mtaona kwamba ganda jembamba likiwa limepinda lina nguvu ambayo ukilinyoosha bapa halina. Paa la jumba lile linasimama kwa siri hiyohiyo: vipande vinne vya zege vilivyopinda, vimeegemeana, na vyote vimebebwa na nguzo nne tu zenye umbo la herufi Y. Humo ndani kona utazitafuta. Ukuta unapinda ukawa ngazi, ngazi inapinda ikawa kiti.

Watu walipomwambia amejenga ndege, Saarinen alijibu kwamba hakukusudia, ilitokea tu. Mimi simwamini sana. Bahati mbaya hakuliona limekamilika. Alifariki Septemba 1961 akiwa na miaka 51, na jengo likafunguliwa Mei 1962.

Tabu ikaanza hapo. Zege halikui, lakini ndege za chuma zilikuwa zinakua. Mwaka 1970 ikaanza kubeba abiria Boeing 747, ambayo moja peke yake humwaga watu zaidi ya mia tatu kwa mkupuo. Wasimame wapi wote hao, na mabegi yao? Baadaye ukaja ukaguzi wa usalama, mashine na foleni, mambo ambayo Saarinen hakuyapigia hesabu. Jumba likawa kama shati la mwaka juzi: zuri, lakini halifungiki vifungo. Mwaka 1994 jiji la New York lililitangaza kuwa turathi, kwa hiyo kulibomoa hivihivi ikawa haiwezekani. TWA yenyewe ilifilisika, American Airlines ikainunua mwaka 2001, na Oktoba mwaka huohuo milango ikafungwa. Kwa zaidi ya miaka 17 hakuna abiria aliyeanza safari humo.

Halafu, tarehe 15 Mei 2019, jumba likafunguliwa tena, safari hii likiwa hoteli. Lina vyumba 512, lakini usivitafute chini ya mabawa yale. Vimejengwa nyuma, katika majengo mawili mapya, ili ndege wetu asiguswe. Ukumbi wa zamani ndio mapokezi. Katikati yake kuna sehemu iliyozama chini kidogo, yenye zulia na viti vyekundu kama pilipili iliyoiva, na juu yake umerudishwa ubao wa ratiba wa enzi zile. Hauna umeme wa kumetameta kama skrini. Una vibao vidogo vyenye herufi, vinavyopinduka kimoja baada ya kingine, taka-taka-taka, kama mtu anayechanganya karata.

Najua swali lenu. Mtu atalalaje ndani ya uwanja wa ndege? Aliyekulia jirani na uwanja wa ndege anajua: ikipita moja, mwalimu anakatiza sentensi, darasa zima linasubiri, kisha somo linaendelea. Dawa yake hapa ni kioo. Sauti ni mtikisiko unaosafiri hewani. Kila inapokutana na kizuizi kizito, sehemu ya nguvu yake inapotea. Basi madirisha ya vyumba yana tabaka saba za kioo, unene wake kama sentimita 11. Kunja ngumi, uipime: ngumi nzima ingeenea humo. Unakaa kitandani unaiona ndege inakimbia, inanyanyua pua, inapaa, na wewe husikii zaidi ya pumzi zako. Ni kama sinema iliyozimwa sauti. Kwenye meza pembeni kuna simu ya kuzungusha namba kwa kidole, na inafanya kazi.

Juu ya paa la jengo moja la vyumba kuna bwawa la kuogelea linalotazama njia za ndege. Wakati wa baridi maji yake hupashwa moto hadi kama nyuzi 35, kwa hiyo mtu anaweza kuelea huku theluji inamdondokea kichwani. Raha hizo zina bei, na si ya mfuko wangu.

Ninachokipenda zaidi kiko nje ya dirisha la ukumbi: ndege ya Lockheed Constellation ya mwaka 1958, mapangaboi manne, mikia mitatu. Wenyewe huiita Connie. Iliwahi kuwa ya TWA, kisha ikabeba mizigo Alaska, kisha ikaachwa. Ili kuileta hapa ilibidi ifunguliwe vipande na kusafirishwa kwa malori kutoka jimbo la Maine, na mwaka 2019 ikapitishwa Times Square katikati ya jiji, watu wakaishangaa. Sasa ni baa, na watu wazima hukaa ndani yake wakinywa vinywaji, bila hofu ya kuachwa. Kila baada ya dakika chache ndege changa hupita kwa mbali zikiondoka. Yenyewe imetua. Au niseme ametua?