Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko: Namna ya Kumtia Moyo Mbwa Mwoga

Vijana wengi wa Pwani wanaokuja Nairobi kutafuta riziki hujikuta wanaishi na mbwa, hata kama kwao hawakuwahi kumkaribia. Ukipata kazi ya ulinzi au ya kutunza bustani Lavington, Kileleshwa au Karen, mbwa ni sehemu ya kazi. Na kwa niliyoyaona mitaa hii ya magharibi, mbwa wa kuogopewa zaidi si yule anayebweka langoni, bali yule mwoga anayejificha nyuma ya kibanda. Tajiri humwona hana faida, mlinzi humpiga ili achangamke, na siku moja mbwa huuma. Aliyebanwa kwenye kona hana silaha nyingine ila meno.

Woga huo una chanzo. Mtoto wa mbwa huuzoea ulimwengu hasa kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ya maisha yake. Aliyepitisha wiki hizo nyuma ya ukuta, mchana kafungiwa na usiku kafunguliwa azunguke uani, hukua akiona kila kigeni ni tishio: mwavuli, ndoo, mtu mwenye kofia.

Njia moja nzuri ya kumsaidia ni mchezo wa vizuizi, ambao wenyewe huuita ajiliti. Ulionyeshwa mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, kwa kuiga mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Mbwa huruka fito, hupita ndani ya bomba la turubai, hujipinda kati ya vijiti vilivyosimamishwa, na huvuka ubao unaoinama kama ule wa kuchezea watoto. Hapa Nairobi wapenzi wa mbwa wana chama chao, East Africa Kennel Club, pale Jamhuri Park kando ya Barabara ya Ngong. Lakini kwa kuanzia, ufito wa ufagio, matofali mawili na kipande cha ubao uani vinatosha.

Siri yote imo katika methali yetu: mbwa hafi maji akiona ufuko. Mpe kila mara njia ya kutokea, naye atajaribu.

Anza na ufito ukiwa chini kabisa. Akiupita, mtupie kipande cha ini la kuchemsha. Akikataa, mwache, usimvute kamba. Bomba likunje liwe fupi, aone mwanga upande wa pili, kisha ulirefushe kidogo kidogo siku zinavyokwenda. Ubao uweke sakafuni bila kitu chini yake. Akishauzoea, tia kitambaa kilichokunjwa uyumbe kidogo tu. Ubao huu ndio wa mwisho kufundishwa, kwani unacheza na kugonga kwa kishindo, mambo mawili ambayo mwoga hayapendi. Dakika 5 zatosha, na umalizie angali anataka. Mbwa asiyetimiza mwaka asirushwe juu, mifupa yake haijakomaa.

Msome mwili wake. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akibana mkia au akikataa nyama anayoipenda, amezidiwa. Rudi hatua moja nyuma.

Wako wanaosema mpeleke mjini, Moi Avenue, penye honi za matatu na umati, atazoea kwa nguvu. Atasimama kimya kweli, na watu watasema ametulia. Mbwa aliyeganda si mbwa aliyetulia. Ameona hana pa kukimbilia, na akirudi nyumbani woga wake utakuwa umeongezeka.

Najua swali la msomaji wa Pwani: na najisi je? Hukumu ya mate ya mbwa katika madhehebu ya Shafi, kuosha mara saba, moja kwa udongo, inajulikana, na ufafanuzi wake nawaachia masheikh. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na kumhurumia mnyama hakukumbagua mbwa. Isitoshe, mafunzo haya hayahitaji akulambe mkono. Nyama itupe chini au iweke kwenye kisahani, nawe usimame kando. Kwa mbwa mwoga hilo ni bora zaidi, kwa kuwa hulazimiki kumwinamia wala kumnyooshea mkono usoni.

Usitegemee mabadiliko ya siku mbili. Hesabu vitu vidogo: leo kanusa ufito, kesho kauvuka, wiki ijayo kauendea kabla hujamwita. Mbwa aliyejifunza kwamba anaweza kukataa na asipigwe ndiye atakayesimama imara langoni mgeni akibisha, na mlinzi wake atalala na vidole vyake vyote.