Kiongozi Huzaliwa? Kweli na Si Kweli Kuhusu Kuwalea Vijana

Shule zinapochagua viranja, hoja zilezile hurudi katika vikao vya walimu na wazazi. Baadhi zina ukweli. Nyingine zinawanyima nafasi watoto ambao wangetufaa sana.

"Anayeongoza darasani ndiye anayefaa kuwaongoza wenzake."

Si kweli. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilihitaji mtu wa kuwavuta wanawake wa Dar es Salaam. Kazi hiyo hakupewa msomi. Alipewa Bibi Titi Mohamed, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, aliyeishia shule ya msingi na kujulikana mjini kwa uimbaji katika kikundi cha ngoma. Aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, nao wakawaleta watu wao. Katika miezi michache wanawake waliojiunga walihesabika kwa maelfu.

Uwezo ule haukuzuka siku alipopanda jukwaani. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi, michango, na desturi ya kufaana katika harusi na misiba. Humo mtu alijifunza kuita watu wakaitika, na kusuluhisha waliokosana. Kwa hiyo mwalimu amtazame vizuri yule msichana wa kidato cha pili ambaye matokeo yake ni ya kawaida, lakini wenzake wakigombana humkimbilia yeye. Karatasi ya mtihani haitamwonyesha.

"Kiongozi huzaliwa."

Si kweli. Watoto huzaliwa na hulka tofauti, mmoja msemaji, mwingine mkimya. Ila kusikiliza, kugawa kazi bila kupendelea rafiki na kukiri kosa mbele ya watu, hayo hakuna aliyezaliwa akiyajua. Mkimya huyajifunza sawasawa na msemaji.

"Mtoto aliyefundishwa uaminifu atakuwa mwaminifu popote."

Si kweli, ingawa wazazi wengi hatupendi kulisikia hili. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, watafiti Hugh Hartshorne na Mark May waliwawekea maelfu ya wanafunzi vishawishi vya kudanganya: katika mitihani, michezoni, hata katika kazi za kufanyia nyumbani. Matokeo yao, yaliyoanza kuchapishwa 1928, yalishangaza. Mtoto aliyeiba majibu darasani aliweza kuwa mwaminifu kabisa mchezoni, na aliyeaminika darasani akadanganya kwingine. Mafunzo ya maadili ya kusikiliza tu hayakuonekana kubadili sana mwenendo wao.

Sisemi tuache kuwaasa watoto. Nasema uaminifu unataka kuzoezwa pale pale unapohitajika: kwenye daftari, uwanjani, kwenye chenji ya dukani. Mzazi anayemwambia mtoto amjibu mgeni mlangoni kwamba "baba hayupo" anamzoeza kinyume chake, na mawaidha ya jioni hayatafuta hilo.

"Ukiranja humjenga kijana."

Kweli, kwa sharti. Kiranja aliyekabidhiwa fimbo na karatasi ya majina ya wapiga kelele anajifunza ubabe, na wenzake wanajifunza kumwogopa mwenye cheo. Huko ni kumharibu kijana tukidhani tunamlea.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili kwa upana zaidi. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wake wa 1967, hakutaka wanafunzi walime tu shamba la shule; alitaka washiriki kuliamulia mambo yake, kisha waishi na matokeo ya maamuzi yao. Shule nyingi zilishika jembe, maamuzi zikayaacha kwa walimu, na shamba likageuka mahali pa adhabu.

Kuirudisha sehemu iliyoachwa hakuhitaji fedha nyingi. Bustani ya mchicha inatosha kuanzia. Wanafunzi waamue wenyewe nini kipandwe na mauzo yatumikeje, wamchague mhazini wao, na kila mwisho wa mwezi asimame awasomee wenzake mapato na matumizi, aulizwe maswali, ayajibu.