Mama, Usisahau Mutoto Wako Mukubwa



Kila mwezi unaleta mutoto wako mudogo kwenye kituo. Tunamupima kilo, tunaandika kwenye fishi yake, tunamuchoma sindano ya chanjo. Kazi hii si ya jana. Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa Kasongo, pamoja na waganga waliotoka Antwerp katika Ubelgiji, walipanga vituo vya afya karibu na vijiji, na habari za kazi yao, zaidi habari za chanjo ya surua, zilisomwa katika inchi nyingi. Watoto waliopimwa wakati ule, leo wengine wao ni mabibi wenye kuleta wajukuu.

Lakini tunataka kukuuliza jambo moja. Mutoto akifika miaka mitano, fishi inakwisha, na sisi hatumuoni tena. Anarudi hapa siku gani? Mara nyingi binti anarudi siku ile iko na mimba. Kijana mwanaume anarudi siku ile wanamubeba kwenye kipoyi. Katikati ya miaka hiyo yote, nani anamuangalia? Ni wewe mama, na baba yake.

Basi leo tuzungumze juu ya ule mutoto aliyebaki nyumbani, mwenye miaka 10 mpaka 19. Watu wanasema: "Ule amekwisha kukomaa, anajitafutia." Hapana, mama. Hajakomaa bado.

1. MWILI WA KIJANA UNA KAZI KUBWA

Mutoto anakua mbio mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza ni katika mwaka wa kwanza, akingali kwenye mugongo wako. Mara ya pili ni wakati wa ujana. Binti anaanza karibu na miaka 10 au 11, kijana mwanaume anachelewa kidogo. Mifupa inarefuka, nyama za mwili zinaongezeka, damu inapaswa kuongezeka pia. Ndiyo sababu unamuona anakula sahani nzima, kisha anauliza tena: "Mama, hakuna kingine?" Huo si ulafi. Mwili unajenga nyumba, na nyumba haijengwi bila matofali.

Akikosa chakula kizuri wakati huu, anabaki mufupi na muzaifu, anasinzia masomoni, na magonjwa yanamupata upesi. Na kama ni binti, nyonga zake zinabaki nyembamba, na siku ya kuzaa itakuwa hatari.

2. CHAKULA CHA KIJANA

Unajua yale mafundisho ya vyakula vitatu. Ni yale yale kwa mukubwa kama kwa mudogo.

Chakula cha kutia nguvu: bukari ya mihogo, wali, mahindi, viazi vitamu, ndizi, na mafuta ya ngazi.

Chakula cha kujenga mwili: maharagi, kunde, karanga, soya, mayai, samaki wa Lualaba na wa Luama, ndagala, nyama, na viwavi na kumbikumbi katika majira yao.

Chakula cha kulinda mwili: sombe, lengalenga, matembele, papai, machungwa, ndimu, nanasi, maembe.

Hapa kwetu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, shida si kukosa chakula cha kutia nguvu. Mihogo iko, muchele uko. Shida ni kwamba sahani inajaa bukari, na ile ya kujenga mwili ni kidogo sana. Mama analima karanga, anavuna, anauza zote sokoni. Kuku anataga, mayai yote yanauzwa. Tunajua unahitaji feza za masomo na za sabuni. Hatusemi usiuze. Tunasema: mbele ya kufunga mufuko, toa sehemu ya nyumbani kwanza. Mukono mumoja wa karanga zilizotwangwa ndani ya sombe unatosha kubadilisha chakula cha jioni. Lakini karanga zenye ukungu usizitie kwenye chungu wala usiziuze. Zina sumu yenye kuharibu ini.

Mafuta ya ngazi yana vitamini A, yenye kulinda macho. Usiyachome kwenye moto mpaka yanageuka meupe. Rangi ile nyekundu ndiyo vitamini. Ikipotea, faida imepotea pamoja nayo.

3. MIHOGO INATAKA UVUMILIVU

Mihogo michungu ina sumu. Wazee wetu walijua jambo hili mbele ya waganga. Ndiyo sababu waliilowesha majini siku tatu, kisha wakaianika juani. Sumu inatoka na maji.

Sikia habari ya Kwango, upande wa magaribi wa inchi yetu. Kule kuna ugonjwa unaoitwa konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Waganga waliandika habari zake tangu miaka ya 1930. Mutu analala muzima, na kisha miguu yote miwili inakuwa migumu, na haiponi tena. Zaidi unashika watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Katika miaka ya 1980 waganga walichunguza sababu katika vijiji vya upande ule. Waliona kwamba njia ya magari ilirahisisha kupeleka mihogo Kinshasa, basi watu walitaka kuuza upesi. Walilowesha siku moja tu, pahali pa siku tatu. Na wakati huo huo walikula mihogo karibu kila siku bila maharagi, bila samaki, bila nyama.

Basi unaona, sababu zilikuwa mbili: haraka, na kukosa chakula cha kujenga mwili. Kile chakula cha kujenga kinasaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki. Wewe uvumilie siku tatu, hata kama wafanyabiashara wanangoja. Na sombe pia uitwange vizuri, uichemshe mpaka inaiva kabisa.

4. DAMU YA BINTI

Binti akianza kuona mwezi, anapoteza damu kila mara. Malaria nayo inaharibu damu. Nyoka za tumbo za aina ya safura zinanyonya damu. Zinaingia kwa ngozi ya miguu yenye kutembea bila viatu mahali pachafu. Mambo haya matatu yanaweza kumukuta binti mumoja pamoja.

Angalia kope lake ndani, na viganja vyake. Vikiwa vyeupe, kama anapumua kwa nguvu akipanda kilima na ndoo, kama moyo unapiga mbio, umulete kwetu. Usingoje mpaka aanguke. Tutapima damu yake, na tutamupa dawa ya nyoka na vidonge vya kuongeza damu.

Nyumbani umupe maharagi, mboga za majani, ndagala, na nyama ikipatikana. Ale ndimu, chungwa au papai pamoja na chakula hicho, sababu vinasaidia mwili kupokea chuma kilichomo, yaani kile chenye kujenga damu. Chai asinywe wakati wa kula, maana inazuia, angoje kidogo.

Na hapa tuseme wazi. Katika nyumba nyingi, wanaume wanakula kwanza, kisha wavulana, na binti aliyepika anakwangua chungu. Yeye aliyeteka maji, akatwanga sombe, akapika, anapata mchuzi bila samaki. Mama, wewe ndiye unayegawa. Mugawie sehemu yake mbele chakula hakijatoka jikoni.

5. KULA PAMOJA, KUZUNGUMZA PAMOJA

Afya ya kijana si tumbo tu. Kijana anahitaji watu. Akiwa na watu wenye kumusikiliza, anavumilia shida nyingi. Akibaki peke yake, shida ndogo inakuwa kubwa ndani ya moyo.

Zamani wavulana walikaa na wazee barazani jioni, na binti alikuwa na shangazi na bibi wa kumuambia siri. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998, viliharibu mambo mengi. Watu walikimbilia porini, jamaa zikatawanyika, na hata kisha ya hapo vijiji vingi vya Kabambare havikupata utulivu. Vijana wengi wamekua bila bibi, bila baraza.

Chakula cha jioni ni dawa yenye isiyo na bei. Mukae pamoja, hata kama ni matembele matupu. Usianze na makosa. Ukisema tu, "Kuni ziko wapi? Muko wavivu!", kijana atakula mbio na kuondoka. Uliza hivi:

"Baba, leo ilikuwa namna gani ku masomo?"

"Hakuna kitu, mama."

"Na rafiki yako wa ng'ambo ya muto, simuone tena siku hizi. Iko muzima?"

"Ameacha masomo. Alienda ku dhahabu."

Unaona? Neno moja limefungua mulango. Sasa unyamaze kidogo, umuache aseme.

Ujue rafiki zake kwa majina. Waache waje kwako, wacheze mpira kwenye uwanja wa karibu, waimbe kwenye kwaya au kwenye madrasa, walime shamba moja kwa zamu. Kijana mwenye kundi zuri hatafuti kundi baya.

Kama kijana hasemi tena, halali usiku, hali, anakaa peke yake majuma mawili au zaidi, ao anasema afazali kufa, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Usimupige. Wala usikubali jirani aseme ni mulozi. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda watoto, inakataza kumushitaki mutoto juu ya uchawi. Umulete tuzungumze naye.

6. NJIA YA MACHIMBO

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza wamama wengi. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi hayatalipiwa. Lakini masomo ya sekondari yanalipiwa, na ndipo kijana anapokwama. Anasikia habari za Namoya na za Salamabila, anaona mwenzake amerudi na pikipiki, naye anaondoka usiku.

Mwenzake mumoja aliyerudi na pikipiki anaonekana. Wale waliobaki na deni hawaonekani. Kwenye machimbo kila kitu kinauzwa, hata maji. Kijana anakula kwa deni, kisha anachimba kwa kulipa deni. Shimo linaweza kuanguka, zaidi wakati wa mvua. Vumbi ya mawe inaharibu mapafu. Mahali wanapochoma dhahabu na zebaki, moshi ule ni sumu kwa ubongo. Na jioni kuna lotoko, bangi, na ugonjwa wa SIDA.

Ufanye nini? Ongea mbele hajaondoka, si kisha. Mupe sehemu ya shamba iwe yake mwenyewe, na mavuno yake yawe feza zake. Kijana asiyeshika hata faranga moja nyumbani ataitafuta mbali. Tafuta fundi wa mbao, wa nguo ao wa pikipiki anayeweza kumufundisha.

Na kama amekwisha kwenda, usimulaani. Mutumie habari kwa wale wenye kupita njia ile: "Mama anakusalimia. Sahani yako ingali hapa." Kijana anayejua mulango uko wazi anarudi upesi. Akirudi na kikohozi cha majuma mawili, aje apimwe kifua kikuu. Dawa zake ni za bure, na akizimeza zote miezi yote anayoambiwa, anapona. Apimwe SIDA pia, bila haya.

7. BINTI ASIHARAKISHWE

Wengine wanamuoza binti wa miaka 14 kusudi nyumba ipunguze tumbo moja la kulisha. Sheria ile ya mwaka 2009 inakataza: mbele ya miaka 18 yeye ni mutoto. Na mwili wake unakataza pia. Nyonga hazijamaliza kupanuka. Mutoto anakwama siku mbili, siku tatu. Mutoto anaweza kufa, mama anaweza kufa, ao anapona na kidonda cha ndani chenye kuvujisha mukojo muchana na usiku, na bwana anamufukuza. Mahari imekwisha kuliwa, na binti amerudi kwako. Nani amepata faida?

Mufundishe mwenyewe mambo ya mwezi na ya mimba, ao umuombe shangazi yake amufundishe. Usipomuambia wewe, atafundishwa njiani.

KUMBUKA, MAMA

Toa sehemu ya nyumbani mbele ya kuuza.
Lowesha mihogo siku tatu.
Mugawie binti sawa na ndugu yake.
Kuleni pamoja, na uulize kwa upole.
Kijana akiwa mugonjwa wa mwili ao wa moyo, aje. Fishi yake tutamuandikia nyingine.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Jana jioni kijana wako alikula nini? Chakula cha kujenga mwili kilikuwa wapi?
2. Nani alikula wa mwisho nyumbani mwako?
3. Unajua majina ya rafiki watatu wa kijana wako?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani kijana anaweza kujifunza bila kwenda kwenye machimbo?

Siku ya kupima watoto inayokuja, tutasikiliza majibu yenu. Na ukiweza, kuja naye yule mukubwa. Atakusaidia kumubeba mudogo, na sisi tutamusalimia.