Uganda: Upasuaji wa dharura na afya ya akili
Jijini Kampala, Hospitali ya Mulago hupokea majeruhi na wagonjwa mahututi, nayo Butabika hutibu magonjwa ya akili. Hata hivyo, mgonjwa mmoja huweza kuhitaji huduma zote mbili kwa wakati mmoja.

Anayefikishwa kwa ajali ya bodaboda au utumbo uliotoboka hana muda wa kuandaliwa. Akiwa tayari anaugua skizofrenia au sonona, hatari huongezeka: malalamiko yake ya maumivu huweza kudhaniwa kuwa dalili za ugonjwa wa akili, na upasuaji ukachelewa. Dawa anazotumia nazo huhitaji uangalizi; lithiamu, kwa mfano, huweza kugeuka sumu mwili unapopungukiwa maji au figo zinapodhoofika.

Baada ya upasuaji, hasa kwa wazee, kuweweseka kwa ghafla huweza kutokana na maambukizi, upungufu wa oksijeni au maumivu, wala si wazimu wala pepo.

Kwa hiyo ndugu anayemsindikiza mgonjwa huweza kuokoa maisha kwa kumtajia daktari, bila kuona haya, dawa zote ambazo mgonjwa hutumia.