Barua Pepe Kukataliwa: Umuhimu wa Seva Kuwa na Jina Lililosajiliwa

Watumishi wa umma na wakazi wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaotumia barua pepe katika shughuli rasmi wanakumbushwa kwamba barua kutumwa si sawa na barua kufika. Mzabuni anayehudumia migodi ya Geita au Bulyanhulu anaweza kupeleka zabuni yake kabla ya saa ya mwisho, na barua hiyo ikakataliwa mlangoni mwa mpokeaji bila ya kusomwa na mtu yeyote. Mara nyingi chanzo si kosa la mwandishi, bali ni seva iliyopeleka barua kukosa utambulisho kamili.

Jambo hili si geni kwa wakazi wa Shinyanga. Sungusungu ilipoanza katika maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wizi wa mifugo, mojawapo ya adhabu zake kubwa ilikuwa ni kumtenga mkosaji. Watumiaji wa intaneti walifuata njia kama hiyo dhidi ya barua taka. Mwaka 1997 Paul Vixie wa Marekani alianzisha orodha ya anwani zilizohusika na barua hizo, na mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus huko London. Seva inayopokea barua huuliza kwanza katika orodha za namna hii, na anwani iliyomo hukataliwa.

Kabla ya kuingia katika orodha, hata hivyo, upo mtihani mwingine. Kila seva katika intaneti hutambulika kwa namba, mfano 192.0.2.25. Seva inayopokea huiona namba hiyo na kuuliza maswali mawili. La kwanza: namba hii ni ya jina gani? La pili: jina hilo nalo likiulizwa, linarejesha namba ile ile? Jibu la swali la kwanza hutolewa na kumbukumbu iitwayo PTR. Kumbukumbu hiyo isipokuwepo, au majibu mawili yasipolingana, seva hushukiwa kama mgeni aliyefika kijijini bila ya barua ya utambulisho. Tangu Februari 2024, Google inawataka wote wanaopeleka barua kwa watumiaji wa Gmail wawe na kumbukumbu hizo kwa pande zote mbili.

Hapa ndipo taasisi nyingi hukosea. Taasisi ikishasajili jina lake linaloishia na .tz, hudhani kazi imekwisha. Jina ni mali yake, lakini namba ni ya kampuni inayoipatia huduma ya intaneti, ambayo nayo hupata namba zake kupitia AFRINIC, msajili wa namba za intaneti barani Afrika, mwenye makao yake katika kisiwa cha Mauritius. Kwa hiyo kumbukumbu ya PTR haiwekwi na mwenye jina. Huwekwa na mwenye namba. Asipoombwa, huenda asiiweke, au akaacha jina la jumla lisiloitambulisha taasisi.

Aidha, wateja wengi wa mitandao ya simu hutumia namba moja kwa pamoja. Kompyuta moja yenye virusi katika duka moja mjini Geita yaweza kuifanya namba hiyo iorodheshwe, na majirani wasio na hatia wakaathirika. Ndiyo maana seva ya barua haifai kuendeshwa kwa namba ya kushirikiana.

Hivyo basi, kila taasisi inayoendesha seva yake inashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Kuomba kwa maandishi kutoka kwa kampuni ya intaneti namba ya kudumu isiyoshirikiwa, pamoja na kumbukumbu ya PTR yenye jina kamili la seva.

2. Kuhakikisha kwamba jina hilo linarejesha namba ile ile, na kwamba seva hujitambulisha kwa jina hilo hilo.

3. Kutoifuta taarifa ya barua iliyorudishwa. Namba inayoanza na 5, kama 550, maana yake ni kukataliwa moja kwa moja. Inayoanza na 4 ni kukataliwa kwa muda. Maneno yanayofuata mara nyingi hutaja sababu au orodha inayohusika.

4. Kuondoa chanzo, kama vile virusi au nywila iliyoibwa, kabla ya kuomba kuondolewa katika orodha. Anayeondolewa bila ya kujirekebisha hurudishwa.

5. Kujihadhari na matapeli. Spamhaus haitozi malipo kwa kumwondoa mtu katika orodha zake.

Kwa upande wa ofisi za umma, upo Mfumo wa Barua Pepe Serikalini chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Mtumishi anayetumia mfumo huo hana haja ya kuhangaika na seva ya ofisi yake.

Kwa barua yenye siku ya mwisho, mpelekaji anashauriwa kuthibitisha kwa simu kwamba imefika. Kumbukumbu ya PTR huandikwa kwa mstari mmoja tu, lakini kukosekana kwake kwaweza kumnyima mwananchi haki yake bila ya yeye kujua.