Je, Wajua? Pesa Hupenda Njia Fupi

Je, wajua kwamba zamani mteja wa duka la vyakula Marekani kwa kawaida hakugusa bidhaa mpaka alipokabidhiwa? Alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, karani akamshushia kutoka rafuni. Mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, akaiondoa kaunta, akampa mteja kikapu na kumwacha apite mwenyewe katikati ya rafu. Duka la Mangi mtaani kwenu, lile lenye nondo dirishani, bado linaishi kabla ya 1916. Ukiagiza sukari robo, unaondoka na sukari robo. Ukitaka na biskuti, itabidi uitaje kwa sauti, na aliyesimama nyuma yako asikie. Nondo zile ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini mnunuzi naye zinamlinda.

Na toroli la supamaketi? Ni la mwaka 1937, la Sylvan Goldman wa Oklahoma City, aliyegundua kwamba wateja huacha kununua kikapu kinapokuwa kizito mkononi. Mwanzoni walilikataa. Wanaume waliona litawafanya waonekane wanyonge. Goldman akaajiri watu wajifanye wateja, wazunguke dukani wakilisukuma. Likashika. Ukienda kununua dawa ya meno, basi, ingia mikono mitupu.

Tangu siku hizo muuzaji hajapumzika: kila mwaka anaifupisha njia kati ya mkono wako na pesa yako. Anayetaka kupunguza matumizi hana budi kuirefusha. Naamini hilo lina maana zaidi kuliko mahubiri yote kuhusu nidhamu ya fedha, maana nidhamu huchoka ifikapo jioni.

Wajua kununua kwa kubofya mara moja kulikuwa na hataza? Kampuni ya Amazon ilipewa hataza ya njia hiyo Marekani mwaka 1999, na wengine hawakuruhusiwa kuitumia bila idhini hadi ilipoisha muda wake mwaka 2017. Hatua moja iliyopunguzwa kati ya tamaa na malipo ilikuwa mali ya kulindwa kisheria. Wewe unaweza kuirudisha hatua hiyo bure: futa namba ya kadi uliyoihifadhi kwenye programu ya simu.

Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walitangaza matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Baadhi ya washiriki waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi. Wa kadi walitaja bei iliyofika hadi maradufu ya ile ya wenzao. Tiketi ni zilezile. Malipo ya simu ni ndugu wa kadi: hakuna noti unayoiona ikiondoka, kuna namba ya siri tu.

Noti kubwa nayo ina breki yake. Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walionyesha mwaka 2009 kwamba mwenye noti moja kubwa husita zaidi kuitumia kuliko mwenye kiasi kilekile kwa noti ndogo au sarafu. Yeyote aliyewahi kuchenji noti ya 10,000 asubuhi na kuitafuta saa saba mchana hakuhitaji utafiti huo.

Simester huyohuyo, safari hii na Eric Anderson, alijaribu kuuza nguo za kike kwa bei tofauti katika orodha za mauzo ya posta. Nguo iliyoandikwa dola 39 iliuzika zaidi ya ileile ilipoandikwa dola 34. Ndiyo, 34. Tarakimu 9 imekwisha kutuzoesha kuona nafuu hata pasipo na nafuu. Ukiona 9,900, isome 10,000 kwa sauti kabla hujatoa pesa.

Muziki wa polepole dukani? Ronald Milliman aliupima mwaka 1982: wateja walitembea taratibu zaidi, na mauzo ya supamaketi yakapanda kwa asilimia 38.

Usiende dukani na njaa, wahenga wa kila jiko wanalijua hilo. Ila utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kwamba wenye njaa huchukua hata klipu nyingi zaidi za kubania karatasi. Klipu haziliwi.

Na wajua watu hulipia wasichokitumia kwa miaka bila kujiuliza? Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walifuatilia vitabu vya majumba ya mazoezi Marekani. Waliolipa ada ya mwezi, zaidi ya dola 70, walikwenda mara 4 na kidogo kwa mwezi. Kila ziara ikawagharimu zaidi ya dola 17, na mlangoni kulikuwa na tiketi za dola 10. Sasa fungua simu yako uhesabu: bando linalojiunga lenyewe, kisimbuzi ambacho watoto tu hukiwasha, huduma ya meseji za mapenzi uliyojiunga nayo kwa bahati mbaya.

Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1769 kulilia vazi lake kuukuu la nyumbani. Alikuwa amepata jipya, la kifahari, jekundu. Mara kiti kikaonekana kibovu mbele yake, akakibadilisha. Ikafuata meza, zikafuata picha za ukutani, hadi chumba kizima kikamgeuka. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken akaupa ugonjwa huo jina la Diderot. Kwetu huanzia sebuleni: sofa jipya huita zulia, zulia huita pazia, pazia huita runinga ya inchi 55. Kwa hiyo kabla ya kulipia sofa, uliza bei ya pazia.

Jirani naye ni gharama. Uholanzi kuna bahati nasibu inayotolewa kwa anwani ya posta, na zawadi yake mojawapo ni gari la BMW. Wachumi waliotazama mitaa iliyoshinda waligundua, katika utafiti wa mwaka 2011, kwamba hata wasioshinda walioishi jirani na washindi walinunua magari zaidi ya kawaida. Kanada ikawa mbaya zaidi: kadiri mshindi wa bahati nasibu alivyopata kikubwa, ndivyo majirani zake walivyoelekea kufilisika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye harusi, maana sioni matumizi mengine yanayotuumiza hivi huku tukitabasamu. Washauri wa fedha hupenda kumwandama mtu kwa soda yake ya mchana. Shilingi 2,000 kwa siku ni 730,000 kwa mwaka, sawa, si haba. Lakini hesabu kadi za michango zilizokufikia tangu Juni, singo na dabo, pamoja na sendoff, kitchen party, ubarikio na sare ya kamati. Soda haiamuliwi na kamati, na ukiikataa haikununii.

Wajua serikali zimewahi kuingilia? Roma ya kale ilipitisha Sheria ya Fannia mwaka 161 KK, ikaweka kikomo cha pesa za karamu. Tajikistan ilitunga sheria ya sherehe mwaka 2007, wageni wa harusi wasizidi 150. Falme za Kiarabu zilianzisha Mfuko wa Ndoa mwaka 1992 kuwasaidia vijana wanaooa, na sheria ya mwaka 1997 ikaweka mahari ya mkononi isizidi dirhamu 20,000. Na mashindano ya karamu si mapya pwani yetu: Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi, maandamano na karamu, jambo ambalo mwanahistoria Margaret Strobel aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1979. Sishauri bunge letu lihesabu wageni. Nashauri kitu kidogo zaidi: kila Januari panga fungu moja la michango ya mwaka mzima, na likiisha, toa salamu na mikono ya kuosha vyombo. Kukopa harusi, kulipa matanga, na wapo wanaokopa kwa ajili ya harusi za wenzao.

Tukiwa kwenye kukopa. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwezi Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika ndogo: unakopa 1,000, unarudisha 1,075. Ukifanya hivyo kila mwezi, mwaka unapoisha umelipa 900 kwa ajili ya 1,000 ileile. Na hiyo ni mikopo inayosimamiwa na benki. Kausha damu za mtaani, zile ambazo wakusanyaji wake hubeba godoro, sitazitia kwenye hesabu.

Je, wajua kwa nini mkeka mrefu wa kubashiri mechi huipendeza kampuni ya kamari kuliko wewe? Tuseme kampuni inabakiza asilimia 5 tu katika bei ya kila mechi. Ukiweka mechi moja, katika kila 1,000 unayocheza unarejeshewa kwa wastani 950. Ukiunganisha mechi 10, makato nayo yanazidishana: 950 inageuka takriban 600. Mechi 15, takriban 460. Kila mstari unaouongeza kwenye mkeka ili zawadi ionekane nono unaongeza pia anachobaki nacho mwenye kampuni. Ndiyo maana bonasi hutolewa kwa mikeka mirefu. Mechi moja iliyochana mkeka hukuuma wewe, haimuumi yeye.

Mafuta ya kupima ni ghali kuliko ya dumu, na si Dar es Salaam peke yake: mwanasosholojia David Caplovitz aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuonyesha kwamba maskini wa New York walilipa zaidi kwa bidhaa zilezile. Hata hivyo siungani na wanaowacheka wanunuzi wa kupima. Dumu la lita 5 jikoni humiminwa kwa mkono mwepesi, na pesa ya kulinunua yote kwa mkupuo haipo kwa kila mtu. Kikundi cha majirani watano wanaogawana dumu hupata bei ya dumu na kipimo cha kikombe.

Wajapani wana daftari la matumizi ya nyumbani liitwalo kakeibo. Lilitangazwa mwaka 1904 na Hani Motoko, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza mwandishi wa habari nchini humo. Linaandikwa kwa mkono. Programu za simu zinaandika haraka zaidi, na hapo ndipo ubovu wake.

Sasa kibubu, ambacho wasomi walichelewa kukiheshimu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kupeana pesa magharibi mwa Kenya kisanduku cha chuma chenye kufuli, kwa ajili ya akiba ya afya. Kundi moja lilibaki na ufunguo wake. Kundi jingine ufunguo uliwekwa na msimamizi wa mradi, mpaka akiba ifikie lengo. Ungedhani la pili ndilo lingefaulu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalikuwa kinyume: wenye ufunguo waliongeza matumizi yao kwenye kinga za afya kwa angalau asilimia 66, na waliofungiwa hawakuonyesha ongezeko la maana. Mtu huogopa kuweka pesa asikoweza kuifikia mtoto akipandwa na homa usiku. Halafu kisanduku kilifanya kazi nyingine: pesa iliyo mfukoni ni ya ukoo mzima, ila iliyo kwenye sanduku la matibabu ina jina, na shemeji akija kuomba unaweza kumwambia bila kumdanganya kwamba huna.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina ufundi wa namna hiyo, ila kwa wingi. Mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na ambao sasa uko vijiji vingi vya Afrika Mashariki, hutumia kisanduku chenye kufuli tatu. Funguo tatu kwa watu watatu. Pesa haitoki mpaka wote wafike, na wakifika kikao kizima kinaona.

Na la mwisho ni la wakulima wa mahindi wa Busia, Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Robinson huyohuyo walijiuliza kwa nini mkulima anayejua faida ya mbolea hainunui. Msimu wa kupanda unapofika, pesa ya mavuno imekwisha kwenda. Basi mpango wao, ulioitwa SAFI, ulimfuata nyumbani mara tu baada ya kuvuna, angali na pesa, akauziwa mbolea kwa bei ya kawaida na kuletewa bila nauli. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011, hilo liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinacholingana na punguzo la nusu ya bei lililoletwa baadaye, wakati wa kuitumia. Asiye na shamba ana msimu wake pia: bonasi ya Desemba huvunwa wiki chache kabla ya ada ya Januari. Shule nyingi hazikatai ada inayoletwa mapema.