Koili ya sigara ya kielektroniki: Ipime kabla ya kuiwasha

Katika vituo vya biashara kama Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Embu, si ajabu kumkuta fundi wa simu akiwa na mita ndogo ya umeme mezani pake, ile yenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Huitumia kupima betri na chaja. Chombo hicho hicho kinaweza kumwepusha mvutaji wa sigara ya kielektroniki na ajali ya moto, mradi akumbuke kukiazima kabla ya kufunga koili mpya kwenye tangi.

Koili ni waya mwembamba uliosokotwa, ukazungukwa na pamba na kutiwa ndani ya kopo dogo la chuma. Betri inapoupelekea umeme, waya hupata moto kama ule wa hita ya kuchemshia maji, na kimiminika kilicholowesha pamba hugeuka mvuke. Koili za kiwandani huandikwa ukinzani wake kwa omu: 1.2, 0.5 au hata 0.15. Wapo wanaodhani nambari hiyo ni ya wingi wa mvuke tu. Kumbe ndiyo inayoamua ni mkondo kiasi gani utakaochotwa kwenye betri.

Hesabu yake ni ya darasani, nayo ilichapishwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka wa 1827. Gawa volti kwa omu, utapata ampea. Betri moja ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2. Kwa koili ya omu 1.2 itatoa ampea 3.5, kwa ile ya 0.5, ampea 8.4, na kwa ile ya 0.15, ampea 28. Iwapo koili ina kasoro na ncha za waya zimegusana, ukinzani hukaribia sufuri. Hiyo ni shoti. Betri humwaga nguvu zake zote kwa mpigo, hupata joto, hutoa gesi na huweza kulipuka.

Hofu hii haikutungwa. Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilihesabu visa 195 vya moto na milipuko ya sigara hizi nchini humo kati ya 2009 na 2016, na watu 133 wakajeruhiwa. Mwaka wa 2018 mtu mmjoa alifariki katika jimbo la Florida baada ya kifaa chake kulipuka. Si visa vyote vilivyotokana na koili, kwani vingine vilitokea kifaa kikiwa mfukoni au kikichajiwa, lakini koili ni sehemu ambayo mvutaji mwenyewe anaweza kuikagua.

Namna ya kuipima ni hii. Weka mita kwenye kipimo cha chini kabisa cha omu, ambacho katika mita nyingi za bei nafuu ni 200. Kwanza gusanisha ncha za nyaya zake na uandike nambari itakayoonekana, labda 0.3, huo ni ukinzani wa nyaya zenyewe. Kisha weka ncha moja kwenye kitufe cha chuma kilicho katikati ya kitako cha koili, na nyingine kwenye ukingo wa chuma, bila kuvuka pete ya mpira inayovitenganisha. Toa ile 0.3. Koili iliyoandikwa 1.2 ikisoma karibu na hapo, ni sawa. Ikisoma sufuri, ina shoti, itupwe. Mita isipobadilika kabisa, waya umekatika.

Pima koili ikiwa baridi. Waya wa nikeli, mathalani, huongeza ukinzani wake kwa zaidi ya nusu joto likipanda nyuzi 100, hivyo kipimo cha koili iliyotoka kutumika kinadanganya.

Tusiitwishe mita ya fundi mzigo isiouweza. Husoma sehemu moja ya kumi ya omu, na hata hiyo kwa kubahatisha. Itatambua shoti, lakini haiwezi kutofautisha koili ya 0.15 na ya 0.25. Kwa hizo za chini mno, tegemea kifaa chenye kioo kinachoonyesha omu na kinachokataa kuwaka kikiona hatari. Kile cha bomba tupu, kisicho na ulinzi wowote wa kielektroniki, binafsi ningemshauri mtu asikiguse.

Halafu kuna betri. Mafundi wengi hufungua betri za kompyuta kuukuu za mkononi na kuuza seli zake, zile za 18650, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Kwenye tochi ya sola zinafaa sana. Lakini nyingi ziliundwa kutoa takriban ampea 5 tu. Ukiifunga seli hiyo na koili ya omu 0.5 isiyo na kasoro yoyote, bado unaidai ampea 8.4. Koili imepita mtihani, betri imeshindwa. Seli iliyofungwa upya kwa plastiki na kuandikwa uwezo mkubwa ajabu ni ya kutiliwa shaka zaidi.

Ikishafungwa kwenye tangi, koili ipimwe tena kwa kifaa. Nambari ikirukaruka, legeza, safisha nyuzi za skrubu na ukaze upya. Kisha jaza kimiminika na usubiri dakika kama 10 pamba ilowe, kwa kuwa pamba kavu huungua kwa mvuto wa kwanza tu.